Unyayo umeumia, mwili uliobaki hauumwi: uzi kuhusu siha na uzito wakati wa kuuguza mguu

Mleta uzi

Habari zenu, ndugu wasomaji. Mtu aliyevunjika mfupa wa unyayo, aliyeteguka kifundo au anayesumbuliwa na kisigino kwa muda mrefu huishia kuuliza swali lile lile: afanyeje asinenepe, na asipoteze pumzi aliyoijenga kwa taabu, ilhali ameambiwa asikanyage? Majibu anayopewa huwa ya aina mbili. Wapo wanaomwambia atulie kabisa hadi apone, na wapo wanaomshauri apunguze chakula kwa kiasi kikubwa kwa kuwa "hafanyi kazi yoyote". Naona majibu yote mawili yana kasoro. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba, kwa majeruhi wengi, lengo la kipindi hiki liwe kubaki na uzito waliokuwa nao, wala si kuupunguza, na kwamba kila kiungo ambacho hakikuumia kiendelee kufanyishwa kazi.

Tuanze na uzito, maana ndio unaowatia watu hofu. Kukimbia hutumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu mwenye kilo 70 aliyezoea kukimbia kilomita 40 kwa wiki akisimama ghafla, matumizi yake hupungua kwa kalori 2,800 kwa wiki, yaani 400 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700, kwa hiyo akiendelea kula kama zamani anaweza, kwa hesabu ya karatasi, kuongeza kilo moja katika muda usiofika wiki tatu. Asiyekuwa mkimbiaji, ambaye alikuwa akitembea tu katika shughuli zake, hupoteza kiasi kidogo zaidi: kilomita nne ambazo hatembei tena ni kama kalori 150 kwa siku. Wakati huohuo tukumbuke kwamba kwa mtu asiye na harakati nyingi, asilimia 60 hadi 70 ya nishati ya siku hutumiwa na mwili ukiwa umepumzika, kuendesha moyo, ini, ubongo na viungo vingine, na kazi hiyo haisimami kwa sababu unyayo umefungwa plasta. Pengo linaloachwa na mazoezi lipo, lakini ni dogo kuliko linavyodhaniwa, na linazibika.

Ugumu uko kwenye hamu ya kula, kwa sababu haishuki sambamba na harakati. Mwaka 1956 Jean Mayer na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa kiwanda cha jute huko Bengal Magharibi, India, ambao kazi zao zilitofautiana kutoka za kukaa kutwa nzima hadi za kubeba mizigo mizito. Wenye kazi nzito walikula zaidi ya wenye kazi nyepesi, jambo ambalo halishangazi mtu. Lililoshangaza ni kwamba wale wa kukaa tu hawakula kidogo kuliko wote. Walikula zaidi ya wenye kazi nyepesi, na uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo anayengoja njaa ipungue yenyewe baada ya kuacha mazoezi anaweza kungoja bure. Kinachosaidia ni kuamua mapema nini kitaondolewa, na mimi ningeanza na vile vilivyokuwepo kwa ajili ya mazoezi yenyewe: vinywaji vya sukari, vitafunio vya kabla na baada ya kukimbia, na lile sinia la ziada la wanga la siku ya mbio ndefu. Kwa wengi hivyo tu hukaribia kuziba pengo, bila kugusa milo mikuu.

Nasema visiondolewe zaidi ya hivyo kwa sababu kupona nako ni kazi. Mfupa uliovunjika hupitia uvimbe wa awali, kisha hujengewa daraja laini, kisha daraja gumu, na mwisho huchongwa upya kwa miezi mingi, na hatua zote hizo zinahitaji nishati na malighafi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali ya wanariadha wanaokula pungufu ya wanachotumia, ikieleza kwamba upungufu huo huathiri homoni, kinga ya mwili na uimara wa mifupa. Na baadhi ya waliovunjika mifupa ya unyayo kwa mikazo ya kurudiarudia walifika hapo kwa njia hiyo hiyo. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajinyime tena ni kumrudisha alikotoka. Aidha, mwenye majeraha anayejinyima hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ya mguu uliofungwa ilikwisha kuanza kusinyaa: siku tano tu za kutoutumia mguu zinatosha kuonyesha upungufu unaopimika.

Hapa ndipo protini inapoingia. Kiwango cha kawaida kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, lakini kwa mwanamichezo aliye majeruhi wataalamu wengi wa lishe ya michezo hutaja gramu 1.6 hadi 2. Mwenye kilo 70 atahitaji basi kama gramu 112 hadi 140, na ni vizuri zaidi zigawanywe katika milo mitatu au minne kuliko kulundikwa katika mlo wa jioni, kwa sababu misuli iliyotulia huitikia protini kwa uvivu na huhitaji kuchokozwa mara kwa mara. Mayai, samaki, maziwa, nyama na jamii ya maharage vyote vinafaa. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kiwango hiki kabla ya kuongea na daktari wake. Kalsiamu ya miligramu 1,000 kwa siku na vitamini D ya kutosha ni za lazima kwa aliyevunjika mfupa. Pombe hupunguza ujenzi wa misuli, na sigara huchelewesha mfupa kuunga. Sina la kuongeza juu ya hayo mawili.

Kuhusu siha, niwape kwanza sababu ya kutolala. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani kwa siku 20, na uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, wakiwa watu wa makamo wenye uzito mkubwa zaidi, ilionekana kwamba miaka hiyo yote haikuwa imewashusha kiasi ambacho zile wiki tatu za kitanda ziliwashusha. Anayeacha mazoezi lakini akaendelea na maisha ya kawaida hupoteza kidogo zaidi: kwa wanariadha waliochunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, upungufu ulikuwa kama asilimia 7 katika wiki tatu za kwanza. Tofauti baina ya matokeo hayo mawili ndiyo inayonifanya niamini kwamba kitanda ni hatari kuliko kuacha mbio.

Jambo la pili linawashangaza watu wengi. Mguu mzima ukifanyishwa mazoezi ya nguvu, mguu uliofungwa nao hufaidika. Hili liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Edward Scripture na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, na limethibitishwa mara nyingi tangu hapo. Sababu iko zaidi kwenye ubongo na mishipa ya fahamu kuliko kwenye msuli wenyewe: amri zinazopelekwa upande mmoja huacha athari upande wa pili. Faida hiyo si kubwa, lakini kwa mtu ambaye mguu wake uko ndani ya plasta kwa wiki sita, kuchelewesha udhaifu ni jambo la kushukuru. Watu huogopa kwamba mguu mmoja utakuwa mnene kuliko mwingine. Tofauti hiyo itatokea hata ukikaa tu, na hurekebishika baadaye.

Mazoezi yenyewe hutegemea ruhusa ya daktari, ila mpangilio wangu ni huu. Katika siku za mwanzo za uvimbe, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, na kazi ifanywe na kiwiliwili na mikono: kuvuta mkanda wa mpira, kuinua dambeli ukiwa umekaa, kuinua makalio ukiwa umelala chali kwa kutumia mguu mzima, na kuinua mguu ulioumia ukiwa umenyooka ili paja na nyonga zisisinyae. Pushapu zifanywe kwa magoti. Ukitaka moyo uende mbio, fanya kazi ya mikono kwa vipindi vifupi vikali na mapumziko mafupi, kwa kuwa misuli ya mikono ni midogo na huchoka kabla moyo haujafika mbali. Kwa wengi mikono pekee hufikia kama asilimia 70 ya kile ambacho miguu ingefikia. Asiyekuwa na mashine ya kuzungusha kwa mikono anaweza kurusha ngumi hewani akiwa kitini, na dakika kumi za ngumi za dhati si mchezo.

Plasta ikitoka na jeraha likifunga, nenda majini kama una njia ya kufika. Maji yakifika kiunoni, mguu hubeba takribani nusu ya uzito wa mwili. Yakifika kifuani, kama theluthi. Yakifika shingoni, kama sehemu ya kumi tu. Kukimbia katika maji ya kina kirefu ukiwa na mkanda wa kuelea, bila kugusa chini, ndilo zoezi lililo karibu zaidi na mbio halisi kati ya yote ninayoyafahamu, ingawa linachosha akili kwa upweke wake. Usishangae mapigo ya moyo yakiwa chini kuliko kawaida kwa juhudi ile ile. Maji husukuma damu kurudi moyoni na kuupoza mwili, kwa hiyo pima juhudi kwa pumzi yako. Anayeogelea aweke kielea kati ya mapaja ili miguu isipige maji, na asijisukume ukutani kwa mguu mbovu. Baiskeli ya mazoezi hufuata, kisigino au katikati ya unyayo ikiwa juu ya pedali badala ya vidole.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa maelezo, ndugu mleta uzi. Mimi nina tatizo linalokwenda kinyume na ushauri wako. Sikuvunjika, nina maumivu ya chini ya kisigino ambayo hunichoma zaidi hatua za kwanza za asubuhi, na daktari amesema uzito wangu ni sehemu ya chanzo na kwamba nipungue. Je, bado nibaki na uzito nilio nao?

Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, mfuate daktari. Nilisema "majeruhi wengi" kwa kuwa hali kama yako ipo. Mfupa uliovunjika unajengwa upya na unahitaji akiba. Utando wa chini ya unyayo unaouma umezidiwa na mzigo, na mzigo wenyewe ni pamoja na uzito wa mwili. Kila hatua ya kukimbia huukandamiza mguu kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mtu, kwa hiyo kilo tano zikipungua, mguu hupata nafuu ya kilo 10 hadi 15 kwa kila hatua. Ninachokuomba ni upunguze polepole, pengine kalori 300 hadi 500 kwa siku chini ya unachotumia, huku protini ikibaki juu. Unyooshe shavu la mguu na unyayo kabla hujaweka mguu chini asubuhi, na uongeze mazoezi ya kuinua visigino kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwa sababu uzito peke yake hauponyi utando.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuchangia kama mtu ninayefanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa viungo. Mleta uzi amegusa mengi ya msingi, lakini amerukia mazoezi kabla ya kuuliza kama jeraha limetambuliwa. Unyayo mmoja una mifupa 26, na si yote inaunga kwa namna moja. Upo mvunjiko wa mfupa wa metatarsali wa tano (ule mrefu wa unyayo unaoelekea kidole kidogo), karibu na shina lake, ambao Robert Jones, daktari wa upasuaji wa Liverpool, aliueleza mwaka 1902 baada ya kuumia mwenyewe akicheza dansi. Damu hufika kwa uchache sehemu hiyo, na mgonjwa anayekanyaga mapema huweza kukaa miezi bila mfupa kuunga. Ni vivyo hivyo kwa mfupa wa navikulari ulio juu ya upinde wa unyayo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ruhusa ya "kanyaga kadiri unavyoweza" aliyopewa jirani yake haimhusu.

Kuna kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992, ambazo hutusaidia kujua nani anahitaji eksirei. Kwa ufupi, ikiwa huwezi kutembea hatua nne tangu ulipoumia na hata ulipofika hospitalini, au ukibonyezwa unaumia kwenye mfupa wa ukingo wa nyuma wa kifundo, kwenye shina la metatarsali ya tano au kwenye navikulari, upigwe picha. Asiyekuwa na dalili hizo kwa kawaida hajavunjika.

Jambo lingine ni magongo. Uzito ukae kwenye viganja, wala si kwapani, kwa sababu kuning'inia kwapani hubana mishipa ya fahamu na watu hupata ganzi ya mkono. Kutembea kwa magongo bila kukanyaga hutumia nishati nyingi kuliko kutembea kwa kawaida umbali ule ule, kwa hiyo anayejisogeza nyumbani kwa magongo anafanya kazi zaidi ya anavyodhani. Mwisho, na hili ni la haraka kuliko yote: mguu uliofungwa uko katika hatari ya damu kuganda kwenye mshipa. Shavu la mguu likivimba, likiuma na kuwa la moto, au ukipata pumzi fupi ya ghafla na maumivu ya kifua, usingoje kesho. Chezesha vidole vya mguu na kunywa maji ya kutosha kila siku.

Mleta uzi

Ahsante sana, mtaalamu. Utangulizi huo ulipaswa kusomwa kabla ya wangu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mgonjwa wa kisukari na nimefungwa buti la tiba. Sukari imepanda tangu niache kutembea. Nifanye mazoezi gani?

Mchangiaji wa pili

Pole sana, ndugu. Kwako kanuni ya "maumivu yakikuambia acha, acha" haitoshi, kwa kuwa kisukari cha muda mrefu huua hisia za unyayo, na mguu unaweza kuharibika bila kukuuma. Jean-Martin Charcot wa Ufaransa alieleza mwaka 1868 jinsi viungo visivyo na hisia vinavyoweza kubomoka, na leo tunaiona hali hiyo zaidi kwenye miguu ya wagonjwa wa kisukari: unyayo unakuwa mwekundu, wa moto na umevimba, na mgonjwa anasema hauumi sana. Ukiona hivyo, usikanyage na umwone daktari siku hiyo hiyo. Kagua nyayo zote mbili kila jioni, kwa kioo ikibidi, maana mguu mzima sasa unabeba mzigo wa miwili. Majini usiingie ukiwa na kidonda. Mazoezi ya mikono ukiwa umekaa, hasa ukiyafanya baada ya kula, hushusha sukari, na kwa kuwa sukari imebadilika, kipimo cha dawa nacho huenda kikahitaji kubadilishwa na daktari. Kama unatumia insulini, pima kabla na baada ya mazoezi.

Mchangiaji wa nne

Ndugu zangu, mnapima vipi uzito wakati plasta yenyewe ina uzito wake na mguu umevimba? Wiki ya kwanza mizani yangu ilipanda na nikakata tamaa.

Mleta uzi

Mizani ya wiki za mwanzo usiiamini. Uvimbe ni maji, na mwili unaoponya jeraha hushika maji zaidi. Tena mtu aliyeacha kukimbia lakini akaendelea kula wanga hujaza akiba ya misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na kama gramu tatu za maji. Tumia utepe kupima kiuno kwenye usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Kiuno kisipoongezeka kwa mwezi mzima, chakula chako kiko sawa hata kama mizani inasema vingine. Kinyume chake pia hutokea: uzito unashuka na mtu anafurahi, kumbe kilichopungua ni misuli ya paja. Pima paja pia, pande zote mbili, kwa umbali ule ule kutoka gotini.

Mchangiaji wa nne

Nimekuelewa. Na kurudi kukimbia nitajuaje muda umefika?

Mleta uzi

Kwanza daktari aseme mfupa au kano imeunga. Baada ya hapo mimi huangalia mambo matatu: uweze kutembea kwa kasi dakika 30 bila kuchechemea na bila maumivu kuongezeka kesho yake, uweze kuinua kisigino kwa mguu mmoja mara nyingi kukaribia idadi ya upande mzima, ambayo kwa mtu mwenye afya huwa kama 25, na uweze kurukaruka kwa mguu huo bila hofu. Ukivuka hayo, anza kwa kuchanganya dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, siku moja ukifanya, siku inayofuata ukipumzika. Maumivu madogo yanayoisha ndani ya saa 24 yanavumilika. Yakibaki hadi asubuhi ya pili, rudi hatua moja nyuma. Kwa aliyevunjika metatarsali ya tano au navikulari, maumivu kwenye mfupa wenyewe hayavumiliwi hata kidogo. Pumzi itakuwa imebaki vizuri kwa sababu ya maji na baiskeli, na huo ndio mtego, kwa kuwa moyo utataka kwenda mbali kuliko mfupa ulivyo tayari.

Mchangiaji wa tano

Swali dogo: tangu nivae buti la tiba, mgongo na nyonga ya upande wa pili vinaniuma kuliko hata unyayo. Ni kawaida?

Mchangiaji wa pili

Ni kawaida sana. Soli ya buti ni nene, kwa hiyo mguu mmoja umekuwa mrefu kuliko mwingine na nyonga imeinama. Mguu mzima uvalishwe kiatu chenye soli nene inayokaribia kimo cha buti, hata ndani ya nyumba, na maumivu mengi ya aina hiyo hupungua. Yasipopungua, njoo uangaliwe namna unavyotembea.